Choo Hakisubiri: Mwongozo kwa Wenye Haya

Kiberiti kilikuwa ndani ya kitambaa, kitambaa ndani ya pindo la khanga, na pindo lilikuwa limekamatwa barabara tangu nyumbani mpaka kwenye dirisha la maabara, safari ya daladala mbili. Nilimwamkia bibi aliyekibeba. Aliitika marahaba, akatazama kushoto na kulia, kisha akanong'ona: "Mwanangu, ule mzigo nimeuleta."

"Ulikwenda haja saa ngapi, bibi?"

"Jana, baada ya isha."

Ilikuwa inakaribia saa nne asubuhi.

Ndani ya kiberiti kile kulikuwa na choo cha mtu aliyesumbuliwa na tumbo kwa miezi mingi, na tulikihitaji kwelikweli. Lakini karatasi ya kiberiti ilikuwa imenyonya maji yake usiku kucha, bakteria walikuwa wamekesha wakila kilichobaki, na kemikali nyepesi zilikuwa zimepaa zamani, pengine kabla ya alfajiri. Kiberiti kazi yake ni kubeba njiti. Bibi hakukosea. Aliyemwagiza hakumpa mkebe, hakumwambia muda, na nina hakika alipokuwa akimwagiza alikuwa anatazama sakafu. Ndivyo tulivyo. Sote tunakwenda chooni, na sote tukitajiwa choo tunageuza uso kama mtu aliyekutana na mdai wake sokoni.

Mwongozo huu nimeuandika dhidi ya haya hiyo. Nitaicheka usoni, kwa sababu katika utafiti wa magonjwa ya tumbo naiona haya kuwa mharibifu wa kwanza wa sampuli. Joto linafuata nyuma yake.

Kwanza ujue tunatafuta nini. Kama robo tatu ya choo cha kawaida ni maji. Ukikikausha, sehemu kubwa ya kinachobaki ni bakteria, wazima na wafu, halafu nyuzi za vyakula, mafuta kidogo, na seli zilizobanduka kwenye ukuta wa utumbo. Katikati ya hayo yote zimo molekuli ndogondogo za aina nyingi mno, ambazo wataalamu huziita metaboliti. Hizo ni mazao na masalio ya kazi ya kikemia inayofanywa na mwili wako pamoja na bakteria unaowalisha. Fikiria jiko la shughuli, asubuhi baada ya harusi. Orodha ya wapishi inakuambia nani walikuwapo. Lakini ukitaka kujua kilichopikwa, na kama kiliungua, unainama kwenye masufuria. Vinasaba vya bakteria ndiyo orodha ya wapishi. Metaboliti ni ukoko wa chini ya sufuria.

Ukoko huo una mengi ya kusema. Nyuzi za maharage, mchicha na dona zikifika utumbo mpana, bakteria huzichachua na kutengeneza asidi fupi za mafuta: aseteti, propioneti na butireti. Butireti ndiyo chakula kikuu cha seli zinazotanda ukuta wa utumbo mpana. Mwaka 1980 mtafiti W. E. W. Roediger alionyesha kwamba kwa wagonjwa wa kolaitisi ya vidonda seli hizo hazichomi butireti ipasavyo, akauliza kama ugonjwa wenyewe ni njaa ya nguvu ndani ya ukuta wa utumbo. Ziko pia asidi za nyongo. Ini hutengeneza zile za awali, bakteria huzigeuza kuwa za pili, na uwiano kati ya hizo mbili hubadilika utumbo unapougua. Huko Marekani watu 132, wengine wenye ugonjwa wa utumbo uitwao Crohn, wengine wenye kolaitisi ya vidonda, na wengine wasio na ugonjwa wowote kati ya hayo mawili, walifuatiliwa kwa mwaka mzima. Walitoa choo nyumbani kwao kila baada ya wiki mbili, wakakiweka kwenye vichupa na kukituma kama kifurushi. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Nature, yalionyesha kwamba vurugu ya bakteria inapozidi tumboni, asidi za nyongo za awali huongezeka chooni, zile za pili hupungua, na butireti hupungua pia. Watu hao 132 waliishinda haya mara nyingi kwa mwaka mmoja. Nawavulia kofia.

Na harufu? Harufu nayo ni metaboliti. Bakteria wakivunja triptofani, ambayo tunaipata kwenye mayai, nyama na kunde, hutoa indoli na skatoli. Indoli hiyohiyo imo katika ua la asumini. Kule Zanzibar na Lamu, mwanamke anayejifunga kikuba cha asumini kifuani amevaa, kwa kipimo kidogo na katika mchanganyiko mzuri, molekuli ileile inayokufanya uzibe pua mlangoni mwa choo cha stendi. Nimelitaja hili ili usiniambie tena kwamba choo hakina jambo la heshima ndani yake.

Haya sasa, kazi.

Uliza mkebe kabla ya kuondoka hospitalini au kwenye kituo cha utafiti. Usiposikia neno "mkebe" kwa aliyekuhudumia, litamke wewe, kwa sauti ya kawaida, kama unavyouliza chenji. Mkebe wa sampuli una mfuniko wa kuzungusha na mara nyingi kijiko kidogo kimeshikizwa kwenye mfuniko. Kopo la siagi halifai, hata likioshwa mara tatu, kwa sababu mafuta yake yamejificha kwenye plastiki na mashine ya maabara itayaona. Chupa ya dawa ya kikohozi haifai. Mfuko wa karanga haufai. Na kiberiti tumeshamaliza habari yake.

Choo kisiguse maji ya sinki la choo, wala dawa ya kuua vijidudu, wala mkojo. Hapa watu hukosea sana, nami siwalaumu, kwani mwili hutoa vyote viwili kwa pamoja. Lakini mkojo umejaa yurea, kreatinini na hipureti, na vikiingia kwenye choo mtafiti atakaa wiki nzima akijiuliza utumbo huu umeanzaje kufanya kazi ya figo. Kojoa kwanza. Kisha, kama choo chako ni cha kukaa, tandika mfuko safi juu ya sinki au tumia bakuli la karatasi kama umepewa. Kama ni cha kuchuchumaa, tumia beseni dogo au poti ya mtoto, iliyosuuzwa vizuri mpaka sabuni yote ikatoka, ikakaushwa. Sabuni ni adui wa spektrometa ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli moja moja: povu dogo usiloliona hufunika molekuli zilizokuleta hapo. Chukua kutoka sehemu mbili au tatu za choo, siyo ncha tu. Ukubwa wa punje moja ya karanga kila mahali unatosha. Usijaze mkebe mpaka ukafurika. Huko ndani gesi bado inatengenezwa, na mkebe uliojazwa pomoni hufunguka wenyewe kwa nguvu, mbele za watu.

Halafu andika saa.

Nitalirudia hili mpaka unichoke. Choo kikitoka nje kinaendelea kuishi. Bakteria wake hawajui kwamba wamehama; wana chakula, wana unyevu, na kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa wana faraja zote. Wanaendelea kuchachua. Asidi fupi zinaongezeka, nyingine zinapaa, amino asidi zinavunjwa, na bakteria wasioivumilia hewa ya oksijeni wanakufa na kumwaga yaliyomo ndani yao. Kila saa inayopita, sampuli inazidi kusimulia habari za mkebe na kupunguza habari za tumbo. Sampuli iliyochelewa na ikaandikwa kwamba imechelewa bado ina heshima yake. Mtafiti ataamua aitumie au aiache. Sampuli iliyochelewa na ikadanganyiwa saa ni sumu. Itawekwa kwenye kundi la sampuli nzuri, itavuruga jibu, na hakuna mashine duniani itakayoinua mkono kusema kwamba hii ilikaa kwenye mkoba tangu jana baada ya isha.

Baada ya kuandika, ipoze. Ule mfuko wa barafu uliopewa haukuwa wa kupozea soda. Kama una jokofu nyumbani, mkebe ndani ya mfuko, mfuko ndani ya mfuko mwingine, uweke humo kwa muda mfupi mpaka utakapoondoka. Najua mabishano yatakayotokea. Mke atauliza, mama mkwe atauliza zaidi, na watoto watakataa kunywa maji. Waeleze. Mkebe uliofungwa vizuri, ndani ya mifuko miwili, mbali na chakula, hauwagusi. Ukishindwa kuwashawishi, panda bodaboda mapema.

Sasa tuje kwenye maelezo, ambayo haya huyaharibu vibaya kuliko hata sampuli yenyewe. Mtafiti atakuuliza choo chako kikoje. Usijibu "cha kawaida." Kila mtu duniani huamini choo chake ni cha kawaida. Mwaka 1997 watafiti wa jiji la Bristol, Uingereza, walichapisha kipimo chenye aina 7, na tangu hapo kinatumika kila mahali. Mfano wao wa katikati ni soseji, chakula ambacho mababu zetu hawakuwa nacho, kwa hiyo nimezoea kukieleza kwa maneno ya nyumbani. Aina ya 1 ni ya mbuzi: vidonge vigumu, kimoja kimoja. Ya 2 ni vidonge hivyo vilivyogandamana. Ya 3 ni muhogo wenye nyufa. Ya 4 ni laini, ndefu, imenyooka. Ya 5 ni matonge laini yenye kingo safi. Ya 6 ni uji mzito. Ya 7 ni maji matupu. Taja namba tu, imekwisha. Namba hiyo inamwambia mtafiti choo kimekaa muda gani tumboni na kina maji kiasi gani. Bila kuijua, atadhani mgonjwa wa kuhara ana upungufu wa kila kitu, kumbe kila kitu kimechanganywa na maji tu.

Dawa nazo usizifiche. Antibayotiki uliyonunua dukani bila cheti, ukameza siku mbili ukaacha, inahusika sana, maana imefyeka bakteria ambao sisi tunakuja kusoma kazi yao. Itaje hata kama unajua utagombezwa; na wewe unayepokea sampuli, usigombeze. Vidonge vya madini ya chuma hugeuza choo kuwa cheusi, wajawazito wanalijua hilo. Mesalazini ya wagonjwa wa kolaitisi huonekana wazi kwenye mashine. Na ile dawa ya kusafisha tumbo kabla ya kipimo cha kamera, aghalabu hutengenezwa kwa polietilini glikoli, huacha alama ambayo mtu akiiona mara moja haisahau: mnyororo wa vilele kwenye skrini, kila kimoja kimemzidi mwenzake kwa uzito wa 44, vimejipanga kama gwaride. Ukiwa umekunywa dawa hiyo juzi na hukusema, gwaride hilo litapita juu ya kila kitu.

Katika jambo hili wapo watu ambao hawahitaji mwongozo wangu, nao ni mama wenye watoto wachanga. Haydom, mkoani Manyara, ilikuwa moja ya vituo 8 vya utafiti wa MAL-ED, uliofuatilia watoto tangu kuzaliwa ili kujua jinsi maambukizi ya tumbo na lishe duni yanavyodumaza ukuaji wao. Utafiti wa namna hiyo unasimama juu ya choo cha mtoto kinachochukuliwa tena na tena, mwezi baada ya mwezi. Muulize mama yeyote habari za choo cha mwanawe. Atakuambia rangi, uzito, saa, mara ngapi, na alikula nini kabla. Anayajua hayo bila kusomea popote, kwa sababu kwa mtoto wake hana haya. Elimu hiyo tunazaliwa ikituzunguka. Tunaipoteza tunapokua na kujifunza kunong'ona.

Aliyekataa kunong'ona alikuwa daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda kwa karibu miaka 20, Lira kwanza na baadaye Mulago mjini Kampala. Wengi wanamjua kwa ile saratani ya watoto inayobeba jina lake. Mimi namkumbuka zaidi kwa mizani. Mwaka 1972, pamoja na wenzake Walker na Painter, alichapisha katika jarida la Lancet vipimo vya choo cha watu wa nchi mbalimbali: uzito wake, na muda ambao chakula huchukua kupita tumboni. Watu walimeza vipande vidogo vya plastiki vinavyoonekana kwa eksirei, kisha choo chao kikakusanywa kwenye mifuko na kupigwa picha ili kuona vipande vimefika lini. Wanakijiji wa Uganda, walaji wa vyakula vyenye nyuzi nyingi, walitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku. Waingereza wa jeshi la majini walitoa kama gramu 100, tena kwa kuchelewa. Sehemu kubwa ya tunayoyasema leo kuhusu nyuzi za chakula ilipata nguvu kutokana na watu kama wale wanakijiji, waliokubali kutoa choo kikapimwa kwenye mizani. Majina yao hatunayo.

Sampuli imefika maabara. Kuanzia hapa nawageukia wenzangu wa koti jeupe, ambao haya yao ni ya namna nyingine: wanataka choo kiwe kimya na kisafi haraka iwezekanavyo, kiwe namba kwenye jedwali, na kwa haraka hiyo wanaruka hatua.

Changanya. Choo si juisi. Upande wa nje una ute na umekauka. Ndani kuna unyevu zaidi. Mwanzo wake ulikaa utumboni kwa muda tofauti na mwisho wake. Ukichota mahali pamoja ukasema hili ndilo tumbo, umekuwa kama aliyeonja pilau juu ya sinia akahukumu nyama iliyo chini. Vaa glavu mbili, fanya kazi ndani ya kabati la usalama, koroga kwa kijiti kisafi mpaka choo kiwe rangi moja. Njia bora kuliko hiyo, kwa wenye uwezo, ni kukigandisha choo chote kwa naitrojeni ya kimiminika na kukitwanga kikiwa kigumu kama jiwe, mpaka kiwe unga. Ni kinu na mchi, jamani, vilevile vya bibi zetu, ila vimepozwa kiasi cha kumuunguza anayevigusa bila glavu maalumu. Unga huo ukiuchota popote, umechota tumbo lote.

Gawa kabla ya kugandisha. Weka miligramu mia mia kwenye vichupa vidogo vingi, kila kimoja na lebo isiyobanduka kwenye baridi, kisha viingize kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Asiyegawa hugandisha mkebe mzima, na kila anapohitaji kidogo huuyeyusha wote, anachota, anaurudisha. Kila kuyeyusha hupasua seli za bakteria na kumwaga kilichomo. Nimewahi kuona mkebe ulioyeyushwa mara nne. Kilichobaki humo hakikuwa choo cha mtu yeyote anayejulikana.

Pima uzito kila mara, na chukua kipande cha pembeni ukikaushe ili ujue maji yalikuwa kiasi gani. Aina ya 2 na aina ya 6 za Bristol haziwezi kulinganishwa kwa uzito wa choo kikiwa na maji yake peke yake. Lakini kipande utakachokausha kiwe cha kupima maji tu. Usitegemee kupata humo asidi fupi za mafuta, kwa maana nazo hupaa na mvuke. Hizo zinataka kichupa chao, na mara nyingi hufungamanishwa na kemikali nyingine ili zitulie zisitoroke.

Uziduaji wa metaboliti, wanaouogopa wengi, ni hatua nyepesi kuliko zote, nami sitakaa hapo sana. Metanoli iliyochanganywa na maji, 80 kwa 20, baridi sana. Shanga ndogo za kusagia ndani ya kichupa. Tikisa kwa nguvu. Metanoli inagandisha protini, vimeng'enya vinaacha kazi, metaboliti zinaingia kwenye kimiminika. Zungusha kwenye sentrifuji kwenye nyuzi 4. Chukua maji ya juu, acha tope chini, wala usiwe mchoyo ukavuta mpaka tope likapanda. Kabla ya yote hayo uwe umetia viwango vya ndani: molekuli zilezile unazozitafuta, ila zimetengenezwa kwa hidrojeni nzito au kaboni nzito ili mashine izitofautishe. Ulichotia unakijua kiasi chake. Kikipungua njiani, unajua na wenzake wamepungua kiasi gani.

Ninapotaka kukaa ni kwenye mpangilio, maana hapo tafiti nzuri hufia. Ukipima wagonjwa wote Jumatatu na wasio wagonjwa wote Jumanne, utagundua tofauti kubwa kati ya Jumatatu na Jumanne. Mashine huchoka, hupata uchafu, hubadilika joto. Changanya foleni kwa bahati nasibu. Peleka kichupa kitupu kupitia kila hatua, kuanzia mkebe mpaka mashine, ili ujue plastiki yako na metanoli yako vinachangia nini. Chukua tone moja moja kutoka kila sampuli, uyachanganye yawe sampuli moja ya pamoja, na uipime tena na tena katikati ya foleni, kila baada ya sampuli kumi hivi. Kama hiyo inatoa jibu lilelile asubuhi na jioni, mashine yako ni ya kuaminika. Kama haitoi, usichapishe.

Na umeme? Friza ya nyuzi 80 bila jenereta ni kabati la nguo. Tundika daftari mlangoni, andika nyuzi asubuhi na jioni, na umeme ukikatika usifungue kuchungulia kama sampuli bado ni baridi. Kila unapochungulia unazipasha joto.

Wapo waliofanya kazi njema pasipo friza. Mwaka 2014 jarida la Nature Communications lilichapisha utafiti juu ya Wahadzabe 27, wawindaji na wachumaji wa matunda na mizizi wanaoishi kando ya Ziwa Eyasi. Porini hakuna jenereta, kwa hiyo watafiti waliweka choo kwenye ethanoli kwanza, kisha wakakikausha kwa chembe za silika, ndipo kikasafiri kwenda Italia. Walipolinganisha uwiano wa asidi fupi, Wahadzabe walikuwa na sehemu kubwa zaidi ya propioneti, na Waitalia waliolinganishwa nao walikuwa na sehemu kubwa zaidi ya butireti. Huo ndio utafiti wenye adabu: unajua mipaka ya ulichokibeba, unalinganisha kile tu ambacho njia yako inaruhusu.

Safari hiyo ya kwenda Ulaya inanipeleka kwenye jambo ambalo linanigusa moyoni. Choo kinapovuka mpaka kwa ajili ya utafiti, lazima kiwe na kibali cha maadili, mkataba wa kuhamisha sampuli, na ridhaa ya mwenye tumbo aliyeelezwa kwa lugha anayoielewa. Kwa Tanzania, kibali cha maadili cha ngazi ya taifa hutolewa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Lakini karatasi peke yake haitoshi. Mtu aliyeshinda haya yake, akabeba mkebe daladala mbili, anastahili kurudi kuambiwa kilichopatikana. Nimeona sampuli zikifuatwa kwa gari la kiyoyozi na matokeo yasirudishwe hata kwa barua. Ni aibu kubwa kuliko ile inayowafanya watu wanong'one, na hii hatuinong'oni.

Yule bibi tulimpa mkebe, mfuko wa barafu na karatasi. Tulimweleza kila kitu nilichokueleza hapa, kwa sauti ya kawaida, dirishani, na waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walisikiliza kwa makini mno. Wawili waliomba mikebe yao. Alirudi asubuhi ya pili. Mjukuu wake alikuwa ameandika kwenye karatasi kwa kalamu ya wino mwekundu: saa kumi na mbili na robo, aina ya 6, hajatumia dawa yoyote isipokuwa mwarobaini. Nilipotazama ukutani ilikuwa saa moja na dakika ishirini. Mkebe ulikuwa bado baridi.

Nawe ukiombwa, kubali. Ukikubali, ulizia mkebe, kojoa kwanza, chota sehemu mbili au tatu, funga, poza. Na andika saa.